Siku Yangu Kwenye Mvuke wa Hellisheiði

Saa 12 asubuhi. Mwezi huu wa Juni jua la Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, huchomoza mnamo saa 9 usiku, kwa hiyo nimelala na kitambaa machoni. Nafungua bomba la maji moto, na harufu ya yai viza inajaa bafuni. Wenzangu hukunja pua. Mimi ni mtoto wa Eburru, juu ya Ziwa Naivasha, ambako hakuna mto: watu huuelekeza mvuke wa ardhini kwenye mabomba, ukapoa, ukadondoka, ukawa maji ya kunywa. Nyanya alinituma na mtungi kabla sijajua kusoma. Nilianza kuipenda kemia hapo, kwa kumuuliza kwa nini maji yetu yananuka.

Saa 1 na nusu. Chai, mkate, basi. Mafunzo yetu ya jotoardhi ni ya miezi 6, na Aisilandi imekuwa ikipokea wanafunzi tangu 1979. Wakenya ndio wengi kuliko taifa lolote. Kando yangu ameketi mwenzangu wa Mbeya. "Dada, glavu umebeba?" Nimebeba, kaka.

Saa 3. Hellisheiði, mtambo wa mvuke wa ardhini: megawati 303 za umeme juu ya nyika ya mawe meusi na vimea vidogo vya kijani. Mabomba yamepindwapindwa makusudi, maana chuma kikipata moto hurefuka na lazima kipate pa kwenda. Upepo unasukuma mtu. Tunaunganisha kitenganishi kwenye kisima ili mvuke uende huku na maji kule. Gesi naikinga kwenye chupa iliyotolewa hewa, yenye kostiki soda ndani. Maji nayachanganya papo hapo na maji safi, kwa sababu yana silika nyingi, yale madini ya mchanga. Yakipoa hivyohivyo, silika itagandamana na kipimo changu kitadanganya.

Saa 5. Maabara. Naipima haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza, tone kwa tone, mpaka rangi ya manjano inapogeuka waridi. Tone moja la ziada, unarudia.

Saa 6 na nusu. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Hewa ya ukaa inayotoka na mvuke hawaiachii angani yote; sehemu yake huyeyushwa kwenye maji kama ya soda, kisha husukumwa chini kwenye mwamba wa basalti. Maji hayo yenye uchachu huung'ata mwamba na kuutoa kalisiamu, na hiyo hushikana na hewa ya ukaa ikawa jiwe. Majaribio ya Carbfix, mradi wa kazi hii, yaliyoanza 2012 yalionyesha kwamba sehemu kubwa iligeuka jiwe ndani ya miaka 2, jambo lililodhaniwa kuchukua karne. Nimeshika kipande kilichochimbuliwa: cheusi, chenye madoa meupe. Nilikishika muda mrefu, kwa sababu volkano za kwetu Bonde la Ufa nazo zimemwaga basalti.

Saa 8. Maji ya kupasha nyumba joto. Yale ya kisimani yangeziba mabomba kwa silika, hivyo joto lake huhamishiwa maji baridi ya chemchemi, nayo hutolewa oksijeni yasilete kutu, kisha husafiri hadi mjini. Hayaruhusiwi kuchanganyika na maji moto ya visima vya mjini kwenyewe: yakikutana, magnesiamu na silika hugandamana. Mtaa huu unatumia haya, mtaa ule yale.

Karibu nyumba 9 kati ya 10 za nchi hii hupashwa hivyo. Na hawakuanza na umeme. Mwaka 1930 walivuta bomba la kilomita 3 kutoka chemchemi za Laugardalur, walikokuwa wakienda wanawake kufua nguo, hadi kwenye shule, na nyumba kadhaa zikaungwa. Umeme wa jotoardhi ulikuja baadaye sana. Sisi Wakenya, kule Olkaria karibu na Naivasha, tulianza na umeme mwaka 1981, na tuna haki ya kuuonea fahari, ila joto linalobaki tumelitumia kidogo mno. Maua ya Naivasha yamepashwa nalo kwenye vibanda vyake. Wakulima wadogo wengi bado.

Saa 12 jioni. Bwawa la Laugardalur. Wazee wamejiloweka hadi shingoni, wanabishana siasa, mvua baridi ikiwanyeshea vichwani.

Saa 3 usiku, jua bado linawaka. Mama yuko kwenye simu, macho yamemlemea, kwao ni usiku wa manane. Mvua imelowesha pareto aliyoianika. Ripoti yangu ya mwisho ni kikaushio cha pareto kitakachotumia maji moto ya mtambo mdogo wa Eburru kabla hayajarudishwa ardhini. Namwomba apime kwa wiki moja: kilo ngapi mbichi, kilo ngapi kavu. Anasema mizani iko kwa jirani, ataiazima asubuhi.