Mbuyu uliokuwa ukifupika kila jua likipanda

Imekubali! Jumamosi nne tumejaribu kupima urefu wa mbuyu mmoja hapa Mombasa na mti umetucheza shere, na leo majibu mawili yamekaribiana: mita 13.9 na 14.1. Naandika vumbi likiwa bado miguuni, kabla sijasahau nani alisema nini.

Watoto ni wanafunzi wangu kumi na mmoja wa gredi ya 7, ambao karatasi zao za hesabu wenzangu huzisahihisha mwisho kabisa, wakishakunywa chai. Mpango wa mwanzo wa matembezi yetu ulikuwa: Fort Jesus, msikiti wa Mandhry, kisha tuvuke daraja la Nyali twende Kengeleni tukaione kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachiliwa huru. Fort Jesus tulifika, tena kulikwenda vizuri. Niliwaambia Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, wakaiingia Desemba 1698, basi watu walikaa mle miezi mingapi? Watoto watano walinipa 33 bila kushika kalamu, na hao hao darasani hunitolea macho nikiuliza 33 toa 12.

Hapo ndipo mpango ulipokufa. Tulipumzika Mama Ngina, pale Lighthouse, tukila mihogo ya kukaanga chini ya mbuyu, meli ya makontena yaingia bandari ya Kilindini polepole. Msichana mmoja akauliza: Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa mwaka 1498, huu mti aliuona? Nikamwambia sijui, na kwa kuutazama tu huwezi kujua. Mibuyu mikubwa mingi ina uwazi ndani na pete zake haziaminiki, kwa hiyo wataalamu wakitaka umri hupima kaboni. "Basi sisi tuupime urefu," akasema mwengine. Mandhry na Kengeleni zinangoja hadi leo. (Methali ya mbuyu na mchicha nimeshaisikia mara arubaini, naomba msiniandikie.)

Njia ni ile ya kivuli: unasimamisha fito ya mita moja, unapima kivuli chake na kivuli cha mti, kisha unagawanya cha mti kwa cha fito, maana uwiano ni ule ule. Tulichagua kiota cha kunguru kilicho juu kabisa, katikati, maana matawi ya pembeni yanadanganya. Wakati huu mbuyu hauna majani, kivuli cha kiota chaonekana wazi mchangani kama kofia.

Saa tatu kasorobo: kivuli cha fito mita 1.60, cha mbuyu 20.1. Jibu 12.6.

Saa nne na robo: fito 0.70, mbuyu 7.8. Jibu 11.1.

Mti ule ule, watoto wale wale, na mita moja na nusu imeyeyuka ndani ya saa moja na nusu. Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Kila jua likipanda, mbuyu unafupika. Nililaumu fito kwamba imeinama, nikaazima timazi kwa fundi mwashi wa jirani. Fito ikasimama wima kama askari, na mbuyu ukaendelea kufupika. Nikalaumu ardhi. Nikalaumu kamba, na hapo nilikuwa na haki kidogo, kwa sababu kamba ya katani ikishika umande wa asubuhi hurefuka na kupungua itakavyo. Tukabadilisha tukatumia mshipi wa kuvulia, ule mnene, wenye fundo kila mita. Kwa kazi ya nje sijaona kitu bora kuliko mshipi: hauvutiki ovyo, haunywi maji, na mtoto mwenye baba mvuvi anajua kuukunja usijisokote. Programu ya simu ya kupimia urefu niliijaribu mara moja. Ilinipa mita 31, nikaifuta pale pale. Kile kipimapembe cha plastiki chenye uzi na nati nacho hakifai ufukweni, upepo wa bahari unaupeperusha uzi kama bendera.

Usiku wa Jumatano nilikaa na namba zile hadi mke wangu akauliza kama tuna deni nisilomwambia.

Leo tumeanza upya. Mvulana tunayemwita Kapteni, ambaye muhula uliopita aliwasilisha karatasi yenye jina lake peke yake, ndiye alishika mwanzo wa mshipi kwenye gome. Akasimama pale muda, mkono umelala juu ya mti, halafu akaniita.

"Ticha, kiota kiko juu ya kati ya mti. Sasa mbona sisi twaanzia hapa nje? Kivuli chatoka ndani."

Nilinyamaza. Naapa nilitaka kukaa chini mchangani.

Bila shaka! Tungepima mnazi au nguzo ya stima, kosa lisingeonekana. Mbuyu una tumbo. Tulikuwa tunaibia kila kivuli kipande kile kile kilichofichwa ndani ya shina, na kipande hicho kikitoka kwenye kivuli kirefu cha asubuhi hakiumi sana, lakini kwenye kivuli kifupi cha saa nne ni hasara kubwa. Ndiyo maana mti ulikuwa "unafupika". Miaka yote niliyofundisha uwiano, sikuwahi kuliona hilo.

Swali likawa utaingiaje katikati ya mbuyu. Wengine walisema tutoboe. Kapteni akauzungusha mshipi kwenye shina, watoto wanne wakiushikilia usiteleze: mita 13.2. Nikasema neno moja tu, "pai", lile walilolikaririshwa mwaka mzima. Kukawa kimya, kisha vurugu. 13.2 gawanya kwa 3.14, kipenyo 4.2, nusu yake 2.1. Wakarudi kwenye namba za Jumamosi ya kwanza: wakaongeza 2.1 kwenye 20.1, wakagawanya kwa 1.60: 13.9. Wakaongeza 2.1 kwenye 7.8, wakagawanya kwa 0.70: 14.1.

Hesabu ya mwisho ilifanywa mchangani kwa kijiti cha mshikaki, madaftari yote yakiwa ndani ya mikoba. Muuza mabuyu aliyekuwa akituangalia tangu mwezi jana akauliza ni ngapi. Aliposikia kumi na nne akasema yeye alidhani ishirini, akawagawia kila mmoja mabuyu mekundu. Ndimi zikawa nyekundu, madaftari nayo, na nitayapokea hivyo hivyo.

Nilikuwa nimejiahidi wiki ijayo turudi kwenye ratiba, twende Mandhry. Lakini wakati wa kuondoka Kapteni alikuwa anaangalia meli nyengine ikiingia, amefumba jicho moja, kidole gumba mbele ya uso. Nilimuuliza afanya nini. Akasema meli haina pa kuzungushia mshipi. Jumamosi nakuja na karatasi ya miraba.