Mkato Mmoja Ulioizuia Mashine Pepe Kuwaka

Wiki iliyopita nilipoteza karibu saa nzima nikitafuta sababu ya mashine pepe yangu (kompyuta inayoigizwa na programu) kukataa kuwaka, na chanzo chake kikawa mkato mmoja tu. Faili la diski liliitwa picha,mpya.qcow2, nami nikaandika -drive file=picha,mpya.qcow2 kama ambavyo ningeandika jina jingine lolote. QEMU, programu ninayoitumia kuendesha mashine hiyo, ikajibu kwamba haikuweza kufungua faili liitwalo «picha». Kwake mkato ni mpaka kati ya chaguo moja na jingine, kwa hiyo ilisoma file=picha, kisha kipande kilichobaki ikakihesabu kuwa chaguo lililoandikwa bila thamani. Dawa ni kuandika mkato mara mbili, picha,,mpya.qcow2, lakini ujumbe wa kosa haukunielekeza huko hata kidogo.

Kinachonisumbua zaidi ya mkato wenyewe ni ule ukarimu wa kichanganuzi cha zamani (sehemu ya QEMU inayosoma machaguo), kinachoitwa QemuOpts, ambacho hupokea neno lisilo na thamani na kulitafsiri kuwa ndiyo au siyo. Kwa muda mrefu watu waliandika server,nowait kwenye -chardev (chaguo la njia za mawasiliano), na kichanganuzi kikaelewa server=on,wait=off. Ni njia fupi na inapendeza, ila kanuni iliyo nyuma yake ni kwamba neno lolote linaloanza na «no» hukatwa herufi hizo mbili na kupewa thamani ya off. Ukiandika node-name ukasahau alama ya sawasawa na jina lenyewe, kichanganuzi kinaona de-name=off, chaguo ambalo halipo popote duniani, na wewe unabaki unatafuta kosa mahali ambapo hukukosea. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2021, ufupisho huo hutolewa onyo kwamba utaachwa, na naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, ingawa uliwalazimu wengi kurekebisha hati zao za kuwashia mashine.

Namba nazo zina mitego yake. 512 baada ya -m, chaguo la kumbukumbu, ni mebibaiti 512, lakini 512 hiyohiyo ukiipa qemu-img create, amri ya kuunda diski, kama ukubwa wa diski ni baiti 512. Mimi huandika kipimo kila mara, 512M, hata pale ambapo hakihitajiki.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba programu hii imekuwa na lugha mbili za kueleza kitu kimoja. Mashine inapokuwa tayari inafanya kazi, huelekezwa kwa itifaki ya QMP, ambayo hutumia JSON (muundo wa maandishi wa kupanga data) na skima inayotaja wazi kila sehemu na aina yake. Mstari wa amri, kwa upande mwingine, ulitumia orodha bapa ya maneno, isiyoweza kueleza kwa urahisi kitu kilichomo ndani ya kingine, kwa mfano faili lililo chini ya umbizo la diski la qcow2. Chaguo la -blockdev, lililokuja na toleo la 2.9 mwaka 2017, liliziba pengo hilo kwa kupokea ama JSON ama funguo zenye nukta kama file.driver=file, na zote mbili hukaguliwa kwa skima ileile ya QMP. Baadaye -object ikaanza kupokea JSON katika toleo la 6.0, na -device katika 6.2. Ningependa machaguo yote yaliyobaki yapite njia hiyo, hata kama ni polepole, kwa sababu kichanganuzi kinachojua mapema ni funguo zipi zinaruhusiwa kinaweza kulitaja kosa kwa jina lake badala ya kulisukuma mbele hadi lijitokeze likiwa na sura nyingine.

Sitarajii mtu aandike JSON kwa mkono kila anapojaribu kitu kwenye terminali, na ndiyo maana funguo zenye nukta zina thamani yake. Kwenye hati yangu, hata hivyo, diski ile sasa imeelezwa hivi:

-blockdev '{"driver":"qcow2","node-name":"d0","file":{"driver":"file","filename":"picha,mpya.qcow2"}}'

Mstari huu ni mrefu kuliko ule wa awali, lakini jina la faili limeandikwa kama lilivyo, kwa mkato mmoja.