Kumbukumbu ya mradi: makundi na bajaji katika Mtaa wa Kongo

Awamu hii nimeielekeza kwenye makundi, kwa sababu katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambao ndio ninaouiga kwenye kompyuta, watu wengi hawatembei peke yao: mama huja na wanawe, wanunuzi huja wawili watatu, na wote hugombea njia ileile na bodaboda, bajaji na mikokoteni.

Msingi wa mwendo ni modeli ya kani za kijamii ya watafiti Dirk Helbing na Péter Molnár ya mwaka 1995, ambamo mtembea kwa miguu huvutwa na kule aendako na kusukumwa na watu na kuta zilizo karibu; wastani wa kasi anayoitaka ni ule wao wa mita 1.34 kwa sekunde. Juu yake nimeongeza kani ya mshikamano, inayowavuta walio kundi moja wasiachane, nikifuata utafiti wa Mehdi Moussaïd na wenzake wa mwaka 2010, ulioonyesha kwamba watatu wanaoongozana hutembea sambamba panapokuwa na nafasi, na msongamano ukizidi, yule wa katikati hubaki nyuma kidogo. Bajaji haiendeshwi kwa kani hizo, kwani haiwezi kusogea kiubavu. Ina pembe ya usukani na ukomo wa breki.

Kiini cha kazi, hata hivyo, ni uamuzi. Kani humsukuma kila mtu kivyake, hivyo mtoto huvuka, mama hubaki, na bajaji hupenya katikati yao. Mtaani dereva akiona mikono iliyoshikana anajua kwamba hapo hapana upenyo. Kwa hiyo mgongano unapokaribia, programu hulichukua kundi zima kuwa mhusika mmoja, kisha hutumia mchezo wa kiongozi na mfuasi, yaani hesabu ya maamuzi ya pande mbili, uliotokana na kazi ya mwanauchumi Heinrich von Stackelberg ya mwaka 1934: mmoja huchagua kuendelea, kupunguza mwendo au kukwepa, na mwingine hujibu. Nimelipatia kundi uongozi pindi yeyote kati yao anapokuwa amekwisha kuingia njiani, kwa kuwa naamini kumrudisha mtoto nyuma ni hatari kuliko kumsubirisha dereva.

Kilichonifurahisha zaidi sikukiandika popote katika programu: bajaji inaposimama ili kundi lipite, wapita njia walio peke yao hujiunga nyuma ya kundi hilo na kuvuka kwa kinga hiyohiyo.

Kinachofuata ni mkokoteni, ambao ukishabeba mzigo hausimami upesi, na anayeusukuma hutegemea sauti yake kufungua njia. Sauti hiyo nitaiingiza kama onyo linalowafikia watu kabla hawajauona mkokoteni wenyewe.