Siku moja maishani mwangu: fundi umeme wa magari, Mwanakwerekwe, Zanzibar

Watu wakisikia mie ni fundi umeme wa magari, hudhani kazi yangu ni kubadilisha globu. Globu mwenye gari anaweza kuibadilisha mwenyewe nje ya nyumba yake. Kazi yangu ni kujua kwa nini globu mpya, nzima, haiwaki vizuri. Kazi hiyo haionekani kwa macho, na kwa sababu haionekani watu hawataki kuilipia.

Saa 1 na nusu asubuhi nafungua banda, natoa mita ya kupimia umeme, testa, koleo na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, nakunywa chai kwa maandazi. Mpaka saa 4 nimeshamaliza Vespa iliyokuwa inaunguza fyuzi na teksi ambayo taa za nyuma zilipoteza ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa kutu. Hizo hazina maelezo.

Saa 4 na kitu akaingia ami mmoja na kibasi chake cha Kijapani cha zamani, huchukua watalii wa Nungwi, kaskazini ya kisiwa. Hajazima hata gari, ameshaninyooshea globu mpya.

"Mwanangu, nitilie hii tu niondoke. Taa ya kushoto imefifia."

Kaishika kwenye kioo chenyewe, na vidole vimetoka kwenye sambusa. Globu ya halojeni haishikwi hivyo. Mafuta yakibaki kwenye kioo, pale panapata moto kupita kwengine na globu inakufa mapema. Nikaipokea kwa kitambaa safi, nikaifuta.

"Ami, si umeshatia nyingine kabla ya hii?"

"Nimetia juzi. Vile vile."

"Basi tatizo si globu."

Hapo mvutano ukaanza. Nikamwambia awashe dimu, ile taa ya chini. Taa ya kulia kali, ya kushoto inatoa wekundu tu. Halafu kwenye dashibodi kile kitaa cha buluu cha fulu, yaani taa ya juu, kinawaka kwa mbali, na hayuko kwenye fulu. Kwangu mie kitaa kile kilishasema nusu ya ugonjwa. Gari nyingi za zamani za Kijapani swichi ya taa hukata upande wa hasi, na chanya inasubiri kwenye globu. Chanya ya taa moja ikidhoofika, umeme unazunguka: unapitia globu ya taa nzima, unafuata waya wa fulu, unaingia kwenye taa mbovu kwa nyuma, na kitaa cha buluu kinapata chake humo njiani. Asiyejua hilo atabadilisha globu, swichi na rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, na gari itabaki ilivyo.

Nikachomoa soketi, nikapima: volti 12.4. Ami yuko juu ya bega langu. "Si unaona? Umeme upo! Tia globu." Nikaitia, taa ikawaka, nikapima tena kwa nyuma ya soketi: volti 6 na kidogo. Nikamweleza kuwa ni sawa na mpira wa maji uliokanyagwa. Ukiziba mdomo unahisi presha ipo, ukiachia yanachuruzika. Globu ya wati 55 inataka karibu ampea 5, na waya uliobakia nyuzi mbili tatu hauzipitishi. Akaangalia saa. "Nina wageni saa 11, mwanangu."

Kwenye fyuzi, taa ikiwa inawaka, umeme ulikuwa mzima. Kwa hiyo unapotelea kati ya fyuzi na taa, na njia hiyo inapita chini ya betri, nyuma ya bampa. Nikatoa betri, nikahangaika na skurubu zilizoganda kwa chumvi. Hapa kisiwani gari haikai mbali na bahari, na hii hushinda imeegeshwa ufukweni. Adhana ya Adhuhuri ikanikuta chini yake. Baada ya kuswali nikairudisha betri nipime tena. Kugeuka, ami kawasha injini asikilize redio. Nikamuomba azime, maana injini ikizunguka alteneta, inayochaji betri, inapandisha volti hadi 14 na vipimo havilingani tena. Akazima. Simu ikalia. "Nipo kwa fundi, anatafuta waya," kwa sauti ya mtu anayeibiwa.

Katikati ya hayo kijana akaleta taa alizonunua, za gari iliyotoka Dubai, nimfungie. Nikakataa. Kule wanapita kulia, kwa hiyo dimu yake inapandisha mwanga upande wa kulia. Kwetu tunapita kushoto, na kulia ndiko anakotokea mwenzako. Sifungi taa ya kumpofusha mtu njiani.

Nikarudi chini. Nyuma ya kitako cha betri nikapapasa nikakuta maungio ya zamani, waya umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Nikaichana kwa wembe. Unga wa kijani ukadondoka kiganjani. Shaba imeliwa, zimebaki nyuzi chache nyeusi. Nikamwita ami aone. Akaugusa ule unga, akausugua kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanyamaza.

Ilibidi nikate shibiri nzima mpaka kufika shaba inayong'aa, kwa sababu kutu hutembea ndani ya mpira. Waya mpya wa unene ule ule, risasi, mpira wa kusinyaa kwa moto, nikaupitisha juu mbali na maji. Taa ikiwaka: volti 12.1. Kitaa cha buluu kimezima. Mgongo siusikii, na Alasiri imeshaadhiniwa.

"Elfu 25? Kwa shibiri ya waya?"

Globu alizinunua bila kubisha. Nikamwambia waya nimempa bure, analipia kujua ulipo. Akatoa 20, nikapokea, nikamuonesha na waya wa kulia: maungio yale yale, tepu ile ile. "Huu nao ulete kabla ya masika, ami."

"Huo si unawaka," akasema, akaondoa gari.

Nimeandika namba yake kwenye daftari. Asipokuja nitampigia mwenyewe, maana barabara ya Nungwi usiku haitaki gari ya taa moja.