Mizani ya leo

Msimu wa korosho umepamba moto hapa Masasi, ghalani hatupumui.

Mchana mtu akanivuta pembeni. Akataka nipunje kilo mbili tatu kila gunia la mkulima ninalopima, tugawane.

Bahasha nene. Na ada ya mtoto bado sijalipa (shetani naye ana kalenda!).

Hela nilizishinda upesi. Kilichonichoma ni wazo hili: "Unaomba kila siku, Mungu amekujibu nini?"

Nikamkumbuka Yesu jangwani, Mathayo 4. Kila jaribu alijibu, "Imeandikwa." Nami nikatamka Mithali 11:1 kwa sauti: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA."

Jamaa akacheka, akaenda zake.

Mikono bado inatetemeka, na lile swali halijaondoka lote.

Wapendwa, mashaka yakiwabana hivi mnashika andiko gani? Niandikieni hapa.