Uzoefu wangu: nilivyoanza kuwapatia watu maarufu mapema kwenye gemu ya kuotea

Gemu yenyewe haina mambo mengi. Unafungua, unaletewa kidokezo cha kwanza cha mtu maarufu fulani, ukipatia hapo hapo unachukua pointi zote, ukishindwa unafungua cha pili pointi zinapungua, cha tatu zinapungua tena, mpaka unafika kile cha mwisho ambacho hata mtoto wa darasa la nne anapata maana kimeshasema kila kitu isipokuwa jina. Iko mtandaoni, iko bure, haili bando sana, ni ya Kiingereza, na ndo imekamata jioni zetu hapa Ngamiani, Tanga, tangu mpwa wangu aje nayo kwenye simu.

Tunacheza kwa kundi. Mi niko duka la spea za pikipiki, jirani yangu fundi cherehani, mpwa wangu amemaliza form four anasubiri matokeo, na kuna mzee muuza kahawa anapita na birika lake kila baada ya Alasiri, simu yake ni ya tochi lakini akishaliweka birika chini haondoki mpaka mtu apatikane. Sheria ni moja tu, hakuna kuingia Google. Ukishindwa unatoa mji, kama vitendawili vya zamani vile, hupewi jibu mpaka utoe mji, na hatupokei Handeni wala Korogwe, tunataka mji wa maana.

Siku za mwanzo ilikuwa fujo tupu. Kidokezo kikisema mwanasayansi wote tunapiga kelele Einstein, kikisema mwanamuziki Michael Jackson, kikisema mpira Pelé, yaani majina ni yale yale kumi tunayazungusha. Wengi wanadhani dawa yake ni kusoma sana ujaze vitu kichwani. Inasaidia, sikatai, ila upande wangu mambo yalibadilika siku nilipoanza kutega mwenyewe.

Ilikuwa hivi, mtandao ulikuwa unasumbua siku hiyo, mpwa wangu akasema mjomba si tutegane wenyewe, tena watu wetu, maana hii gemu ni ya Wazungu mtu wa huku anatokea kwa nadra mno. Haya, mi nikamchukua Mwalimu Nyerere. Sasa hebu jaribu wewe, umtegeje Nyerere kwa Watanzania? Ukitaja Butiama imeisha, ukitaja ualimu wa Pugu imeisha, ukitaja Oktoba 14 ndo umempa kabisa. Nikakaa na karatasi ya risiti nafuta naandika nafuta naandika, mwisho kidokezo cha kwanza nikaweka hivi: alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Cha pili: alisoma Edinburgh. Basi. Fundi akaenda kwa Shaaban Robert moja kwa moja, mpwa akasema atakuwa profesa fulani wa chuo kikuu, mzee wa kahawa kanyamaza kwanza, anagonganisha vikombe vyake, halafu akasema "Mgosi, huyo si Mwalimu huyo?" Akala pointi.

Lakini mi nilikuwa nimeshapata changu. Wakati naandika niliona ninachofanya: nachukua lile jambo kubwa la mtu nalifunika, halafu natafuta jambo la pembeni ambalo ni kweli lakini halijulikani sana ndo nalitanguliza. Na yule anayetengeneza ile gemu huko aliko naye lazima anafanya hivyo hivyo. Kwahiyo kuanzia hapo nikisoma kidokezo sijiulizi tena "ni nani aliyefanya hiki", najiuliza hapa kimefunikwa nini.

Mfano ukiambiwa "aliwahi kufanya kazi kampuni ya mafuta Dar es Salaam kabla ya Vita vya Pili", wenzangu wanaanza kutafuta matajiri wa mafuta. Hapana bana, mafuta ndo ya pembeni hayo, mtu wa mafuta asingetegwa kwa mafuta. Ni mtu ambaye umaarufu wake uko mbali kabisa na hapo, alikuja kijana akaondoka, vita ikamchukua. Huyo ni Roald Dahl, Mwingereza wa vitabu vya watoto, alikuwa Shell pale Dar, vita ilivyoanza 1939 akaenda kuwa rubani. Au ukiambiwa "alikuwa rais wa nchi yake kuanzia 2018 mpaka 2024", urais ni jambo kubwa sana, kama urais ndo umetangulizwa basi kilichofunikwa ni kikubwa zaidi ya urais. Nikasema George Weah wa Liberia, na ndo yeye, kilichofunikwa ni mpira, tuzo ya Ballon d'Or ya 1995, mpaka leo Mwafrika pekee aliyeichukua. Einstein naye nilimpatia kwa mtindo huo huo, safari hii sio kwa kubahatisha: "mwaka 1952 aliombwa awe rais wa nchi ambayo hakuwa akiishi, akakataa". Nchi gani changa ya 1952 ingemwomba mtu wa nje awe rais? Israel. Na wangemwomba Myahudi gani ambaye dunia nzima inamjua? Inafunguka yenyewe.

Kuna kimoja kilinifurahisha sana, "alisoma magazetini habari za kifo chake mwenyewe". Hapo hakuna mwaka hakuna nchi. Ila ukiuliza kilichofunikwa unaona huyu alikuwa maarufu tayari kabla hajasemwa amekufa, na alipotelea mahali ambapo habari hazifiki haraka, ajali ya meli au ya ndege. Kumbe ni Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, Januari 1954 kule Uganda alianguka na ndege, ikaja nyingine kumchukua nayo ikapata ajali, akatoka hai, na mwaka huo huo akapewa Nobel. Nilimpata kwenye kidokezo cha pili kilipotaja kuendesha gari la wagonjwa Italia kwenye vita ya kwanza.

Jambo lingine ni ramani za zamani. Hawa jamaa wanapenda sana kusema mtu alizaliwa kwenye dola ambayo saivi haipo. Mama Teresa alizaliwa Skopje 1910, wakati huo iko chini ya Waturuki. Nikola Tesla 1856 dola ya Austria, leo ni Croatia. Sisi watu wa pwani hatupati shida hapo maana mji wetu wenyewe umekuwa wa Mjerumani ukawa wa Mwingereza na watu hawajahama nyumba. Siku imekuja "alizaliwa kwenye visiwa vya sultani, akapelekwa shule India", fundi akaruka juu anasema Bibi Salme huyo, yule binti wa sultani aliyekimbilia Ujerumani. Nikamwambia fundi tulia, binti wa sultani asingepelekwa India kusoma, hawa ni watu wa asili ya huko huko India, na kama shule imetajwa ujue kinachofunikwa ni cha baadae sana. Farrokh Bulsara, Unguja, 1946. Freddie Mercury kwa jina la jukwaani, mwimbaji wa bendi ya Queen. Fundi alitoa Cairo.

Sasa ile raundi ambayo mpaka leo wananitania nayo. Kidokezo cha kwanza: "Aliokoka miaka ya vita na safari ndefu ya hatari, halafu akaanguka dirishani kwenye karamu ya kumpongeza". Mpwa wangu alicheka mpaka simu ikamponyoka. Nikasema ngoja. Karamu ya kumpongeza mtu aliyetoka safari ya hatari, hao ni wale wapelelezi wa karne ya 19. Livingstone sio, yeye hakurudi mzima, mwili wake ndo ulibebwa na watumishi wake kina Chuma na Susi na wenzao mpaka Bagamoyo, 1874. Speke alikufa kwa risasi kwao Uingereza. Burton hapana, nisingeweza kueleza kwanini ila hapana. Stanley? Stanley karamu alifanyiwa nyingi lakini sijawahi kusikia ameanguka. Ila Stanley kazi yake kubwa ilikuwa kuwafuata watu, alimfuata Livingstone akamkuta Ujiji 1871, na baadae akaenda kumfuata mwingine huko ndani kabisa kusini mwa Sudan, wakatoka naye mpaka pwani. Nikawaambia ni yule aliyefuatwa mara ya pili, jina liko mdomoni halitoki, nifungulieni cha pili. Cha pili: daktari Mjerumani aliyejichukulia jina la Kituruki. Emin Pasha! Jina la kuzaliwa Eduard Schnitzer.

Jioni nikampigia shemeji yangu, yuko Bagamoyo, nikamsimulia, akaniambia "Shemeji, huyo si aliangukia huku kwetu?" Na kweli. Desemba 1889 msafara umefika Bagamoyo, Wajerumani wakawaandalia karamu ghorofani, jamaa katoka huko misituni salama na maradhi na mishale yote, akaja kudondoka kutoka juu akaumia kichwa vibaya sana, akalazwa wiki kadhaa. Alipona, akarudi tena bara, akauliwa Kongo 1892. Ukiuliza mimi, kidokezo kile ni kitamu kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo kwenye ile gemu.

Ila kuna kitu kinanikera kidogo. Mwezi huo huo, Desemba 1889, wakati Bagamoyo watu wako kwenye karamu, hapo Pangani walimnyonga Bushiri bin Salim aliyewapiga Wajerumani pwani yote hii. Gemu imemuuliza Emin, Bushiri haijawahi na sitegemei. Wa Tanga wameshaulizwa kwa mgongo wa Wazungu tu, kama yule Mjerumani Lettow-Vorbeck, "jenerali aliyejisalimisha wiki mbili baada ya vita kwisha", huyo wote tulimpata kwa pamoja maana Novemba 1914 alipigana hapa hapa mjini, makaburi ya vita ile yapo tunayapita, na habari ya nyuki waliowafukuza Waingereza hakuna mtoto wa Tanga asiyeijua.

Ndo maana zile za kutegana wenyewe hatujaziacha hata mtandao ukiwa mzuri. Siti binti Saad niliwatega hivi, "aliuza vyungu kabla ya kupanda meli kwenda Bombay", mpwa alizunguka kwa wafanyabiashara wote akashindwa, na ile safari ya Bombay ilikuwa 1928 kwenda kurekodi santuri. Shaaban Robert ni kesi ngumu, kumtega kwa mtu wa Tanga ni kumficha ngamia chini ya kawa, ukisema tu karani wa forodha mtu kashajibu.

Mzee wa kahawa yeye ana dunia yake, ile ya redio. Riadha humgusi. Kidokezo kimesema "alishinda marathoni Olimpiki bila viatu" kabla mpwa hajamaliza kutafsiri mzee kashasema Abebe Bikila, Roma, 1960. Filbert Bayi ndo usiseme, anakusimulia zile mita 1500 za Christchurch 1974 kama alikuwepo, jinsi alivyoongoza tangu mwanzo akaweka rekodi ya dunia, na kwamba hata aliyekuwa wa pili, John Walker, naye aliivunja rekodi ya zamani. Fundi yeye kabeba filamu za Kihindi, siku moja "nusura afe akiigiza ngumi 1982" akajibu Amitabh Bachchan huku anatia uzi kwenye sindano, hata hakunyanyua kichwa.

Daftari ninalo, nakubali, lakini dogo, nimeandika vile vitu ambavyo watengenezaji hawa wanavirudia rudia. Lincoln na Darwin kuzaliwa siku moja, Februari 12, 1809. Adams na Jefferson, marais wa Marekani, kufa siku moja, Julai 4, 1826. Chaplin kumtangulia Hitler kwa siku nne, Aprili 1889. Marie Curie na Nobel zake mbili za sayansi mbili tofauti, 1903 na 1911. Na majina ya kuzaliwa, hayo andika mengi uwezavyo, John Rowlands ni Stanley, Cassius Clay ni Muhammad Ali, Reginald Dwight ni Elton John. Haya hayana akili yoyote ni kukariri tu, lakini pointi ni pointi.

Saivi mara nyingi nampata mtu kwenye cha kwanza au cha pili, kasoro vikundi vya Korea na wale wa vipindi vya televisheni vya Marekani, hao namwachia mpwa wangu na ananinyanyasa nao kweli kweli. Kuna na wachezaji kriketi. Hao hatuna mtu. Fundi anajifanya anawajua kwa sababu ya filamu zake lakini hajampatia hata mmoja, na mimi wakitokea natoa mji mapema tuendelee na mwingine.