Tumeuza Ngapi Leo? Siku Moja ya Mdodosaji wa Kura za Maoni, Ohio 2008

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, uwe wa Kenya au wa Marekani, jamaa zangu wa Mombasa hunipigia simu wakitaka nithibitishe kwamba takwimu za kura za maoni hupikwa. Huniuliza mimi kwa sababu wanajua nimekaa katika jiko lenyewe kwa miezi minne, nikiwa mdodosaji wa simu mjini Columbus, jimbo la Ohio, wakati wa kampeni za urais za mwaka 2008. Sikuona mtu akipika. Niliyoyaona ni mengine, na njia nyepesi ya kuyaeleza ni kusimulia siku moja tu, Alhamisi ya tarehe 16 Oktoba, iliyofuata mdahalo wa tatu na wa mwisho baina ya Barack Obama na John McCain.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimpigia mama kabla ya kunywa chai, kwa kuwa kwake ilikuwa saa saba na nusu mchana na alikuwa amekwisha kuswali adhuhuri. Nyumbani walikuwa na habari yao: siku iliyotangulia, tume ya Jaji Philip Waki ilikuwa imewakabidhi Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga ripoti kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,000. Mama hakuniuliza nani anaongoza Marekani. Alitaka kujua kama huko nako, matokeo yakitangazwa, watu watatolewa majumbani mwao. Nikamwambia hapana, hapa hawana mambo hayo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hata sisi tulikuwa tukisema hivyo, mwanangu."

Kuanzia hapo hadi alasiri hakuna la kusimulia: nilihudhuria masomo mawili chuoni, nikafua, nikalala saa moja, nikapanda basi la High Street na wali wa jana katika kopo.

Saa tisa na nusu nilifika mlangoni mwa jengo la kazi, ambako alikuwapo mlinzi wa zamu ya jioni, mzee Mmarekani mweusi aliyekaribia umri wa miaka 70, ambaye kwa miezi yote minne hakukubali kwamba hatuuzi chochote. Kila nilipoingia aliniuliza leo tunauza nini, na kila nilipotoka aliniuliza tumeuza ngapi. Siku hiyo alikuwa ameutazama mdahalo usiku uliopita, na mazungumzo yetu yalipofika kwenye kodi alicheka, akaniambia kwamba yeye ni mzaliwa wa Alabama, na kodi anayoikumbuka ni ile ambayo baba yake alitakiwa kuilipa ndipo apige kura, dola moja na senti hamsini kwa mwaka, juu ya mtihani wa kusoma ambao watu weusi walitegwa nao ili waanguke. Kodi hiyo ilifutwa katika chaguzi za kitaifa mwaka 1964 kwa badiliko la 24 la Katiba, na mwaka 1966 Mahakama ya Juu ikaizima katika majimbo pia. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Nikamweleza kwamba babu yangu naye aliwalipa Waingereza kodi ya kichwa miaka yote ya ujana wake, na sanduku la kura hakulijua. Mzee akatikisa kichwa, akanifungulia mlango na kuniambia niende nikauze.

Saa kumi kamili msimamizi alitupa maelezo ya zamu. Tulitakiwa kuwapata wapigakura 600 wa Ohio kwa siku tatu, idadi ambayo kihesabu huipa takwimu kiwango cha makosa cha asilimia 4 juu au chini. Kwa nini Ohio, hapakuwa na haja ya kuuliza: jimbo lilikuwa na wajumbe 20 wa uchaguzi, wale ambao kura zao ndizo humpa mtu urais, na mwaka 2004 George W. Bush alilichukua kwa tofauti ya kura zipatazo 118,000 tu. Namba za simu za mezani zilipigwa na kompyuta kwa bahati nasibu. Zile za mkononi sheria ya shirikisho ilikataza zisipigwe kwa mashine bila idhini ya mwenyewe, kwa hiyo kulikuwa na wenzetu waliozibonyeza kwa kidole, moja baada ya nyingine. Anayepokea simu siye lazima ahojiwe. Tulimwomba yule mtu mzima wa nyumba ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyopita karibuni zaidi, kwa maana ukimhoji kila anayeikimbilia simu utajikuta umehoji akina bibi watupu. Majina ya wagombea nayo yalipishana kwenye skrini, mara Obama mbele, mara McCain, ili anayetajwa kwanza asipate faida.

Juu ya yote hayo, mdodosaji hafafanui. Mhojiwa akiuliza neno "matajiri" lina maana gani, jibu lililoandikwa ni "vyovyote unavyoelewa wewe", na huruhusiwi kucheka, kuguna wala kusema "vizuri". Mimi niliyelelewa katika baraza za Mombasa, ambako mtu akikwambia jambo usiliitikie huona umemdharau, niliona kanuni hiyo ngumu kuliko baridi ya Januari.

Saa mbili za mwanzo zilikwenda kwa mashine za kujibu simu, watoto waliokataa kuwaita wazazi, na watu waliokata kabla sijamaliza salamu, kwa kuwa Ohio ilikuwa imepigiwa na kila kampeni hadi mlio wa simu ukawa kero kama mbu. Kati yao alikuwapo mama mmoja wa Cleveland ambaye baada ya maneno yangu matatu aliniuliza ninatoka wapi. Kanuni ilinitaka nimwambie kwamba tutazungumza hayo baada ya maswali, lakini hakungoja; alikisia mwenyewe kwamba ni Kenya, kwao baba yake Obama, akapiga kelele za furaha. Kutoka hapo majibu yake yote yalikuwa matamu kama halua: uchumi Obama, vita vya Iraq Obama, kodi Obama. Huenda angejibu vile vile hata kama ningekuwa na sauti ya mtu wa Ohio, na huenda asingejibu hivyo. Kwenye jedwali hapakuwa na safu ya kuandika kwamba mhojiwa ameipenda lafudhi, wala ile asilimia 4 haikuhusu jambo hilo.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni alipokea mzee wa kusini-mashariki mwa jimbo, upande wa vilima vya Appalachia, ambaye alijitambulisha bila kuulizwa kuwa mchimba makaa ya mawe mstaafu. Dodoso letu lilipimwa lichukue dakika 14. Yeye alichukua 41, na nazikumbuka kwa sababu saa ilikuwa kwenye kona ya skrini, na ikipita dakika 20 tarakimu zake hugeuka nyekundu ili msimamizi azione akiwa mbali.

Swali la tatu lilikuwa lile kuu: kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani? Akasema, "Hilo nitakuambia mwishoni." Nikaweka namba 9, ambayo maana yake ni "amekataa kujibu", nikijua kwamba naweza kurudi kuibadilisha.

Tulipofika kwenye kodi ndipo aliposogeza kiti. Nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Swali lilikuwa kama anadhani kodi yake itaongezeka, itapungua au itabaki vile vile Obama akishinda. Badala ya kujibu, alinisimulia mdahalo mzima wa jana yake, hasa habari za Joe fundi bomba, yule mkazi wa karibu na Toledo aliyekutana na Obama mtaani siku chache kabla na kumwambia kwamba anataka kununua biashara yenye faida ya zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka na anahofu kupandishiwa kodi. Jina la Joe lilikuwa limetajwa zaidi ya mara 20 katika mdahalo, na siku hiyo hiyo ya Alhamisi vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kugundua kwamba hana leseni ya ufundi bomba na kwamba yeye mwenyewe anadaiwa kodi. Mzee hakujali leseni. Aliniambia kwamba pensheni yake na kipato cha mkewe havifiki dola 40,000 kwa mwaka, na kwamba kodi yake itapanda.

Hapo ndipo kazi hii inapomchosha mtu. Mpango wa Obama ulikuwa umechapishwa, nami nilikuwa nimeusoma kwenye basi: familia tisini na tano katika kila mia za wafanyakazi zingepunguziwa, na kwa walio juu ya dola 250,000 vingerudishwa viwango vya enzi ya Clinton. Aliyepata dola 260,000 angeongezewa katika zile 10,000 za juu tu, kutoka asilimia 33 hadi 36, yaani dola 300 kwa mwaka mzima. Hesabu hiyo ilinijaa kinywani.

"Ama si kweli?" akauliza.

"Vyovyote unavyoelewa wewe, bwana."

"Mimi sielewi, ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akanyamaza, akasubiri. Nikamsomea swali upya, neno kwa neno. Akashusha pumzi, akasema niandike "itaongezeka", kwa sababu leo wanasema 250,000, kesho watasema 40,000, na serikali ikishaonja haiachi. Mtu angedhani basi ni wa McCain, lakini hakuwa amemaliza: McCain naye, akasema, ni mtu aliyeulizwa ana nyumba ngapi akashindwa kujibu, na zile dola bilioni 700 za kuokoa mabenki, wote wawili walizipigia kura ya ndiyo mle Seneti. Aliyasema haya kwa kina, jambo kwa jambo, kuanzia mgodi wake ulipofungwa. Nami nilikuwa nikisema "ninakusikia, bwana", kwa sababu ndilo neno pekee tuliloruhusiwa.

Swali la rangi liliwekwa karibu na mwisho kwa makusudi, ili mtu akikasirika na kukata simu yaliyotangulia yawe yamekwisha kupatikana. Je, rangi ya mgombea ni jambo muhimu sana kwako, muhimu kiasi, au si muhimu?

"Ngoja kidogo, kijana. Wewe mwenyewe ni mweusi?"

Nikamjibu kwamba siruhusiwi kuzungumza habari zangu. Kwake nilisikia saa ya ukutani ikipiga saa moja, polepole, hadi mlio wa mwisho.

"Basi andika si muhimu," akasema. "Andika si muhimu hata kidogo."

Swali lililofuata liliuliza kuhusu majirani zake. "Majirani?" Sauti yake ikapata uhai tena. "Kwa majirani zangu ni muhimu sana. Waandike hao." Watunga madodoso wanaijua njia hiyo: lile ambalo mtu hawezi kulisema juu ya nafsi yake, atalipandisha uani kwa jirani. Mimi nilikumbuka Desemba ya nyumbani, ambapo kila niliyezungumza naye hakuwa na ukabila hata chembe, isipokuwa wa nyumba ya pili.

Nikarudi kwenye swali la tatu, kama tulivyoahidiana.

"Nimekwisha kukuambia," akasema. "Muda wote huu nilikuwa nikikuambia." Akanishukuru kwa kumsikiliza, akakata. Namba 9 ikabaki pale pale.

Msimamizi, ambaye alikuwa akisikiliza kwenye laini, alinijia kunijulisha mambo mawili. La kwanza, mahali fulani nilitamka "nimekuelewa", neno lenye upande. La pili, hojaji isiyo na jibu la swali la tatu haihesabiwi katika idadi yangu.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Najua nilikula wali wangu baridi karibu na mashine ya soda, wenzangu wakibishana kama mzee amedanganya. Kijana mmoja alikuwa akirudia habari ya Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles ambaye mwaka 1982 kura za maoni zilimpa ugavana wa California kisha akashindwa, na ya Douglas Wilder, mweusi mwenzake, aliyeongoza kwa mbali katika kura za maoni za ugavana wa Virginia mwaka 1989 na kushinda kwa kura zisizofika 7,000; kwa hoja yake, wahojiwa huona haya kumwambia mdodosaji kwamba hawatamchagua mtu mweusi. Mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi alimkatiza: watu hawadanganyi sana kama mnavyofikiri, bali wanakata simu, na wanaokata hawafanani na wanaojibu. Nilikubaliana naye, na ningali. Mwezi uliofuata Obama aliichukua Ohio kwa asilimia 51 na ushei dhidi ya takribani 47, pasipo kuonekana popote wapigakura waliotudanganya kama wale wa Bradley, na mpaka leo sijui mzee wangu aliangukia fungu lipi.

Ilipogonga saa tatu usiku hatukuruhusiwa tena kupiga Ohio, tukalifuata jua hadi Colorado, ambako ilikuwa bado saa moja. Sikumbuki hata sauti moja ya huko. Koo lilikuwa limekauka, na vibonge vya sponji vya hedifoni vimelowa jasho.

Saa tano usiku nilijaza fomu ya saa: saa saba kwa dola 9, jumla dola 63 kabla ya kodi, ambayo ilikatwa hata kwangu mimi nisiye raia wala mpigakura. Hojaji zilizokamilika zilikuwa saba, na lengo lilikuwa nane.

Mlinzi alikuwa akikabidhi funguo kwa mwenzake.

"Tumeuza ngapi leo?"

Nikamwambia saba, na mmoja aliyekaa dakika 41 akaondoka bila kununua. Akacheka, akasema hao anawajua, kwani aliwahi kuuza viatu.